Kishika uchumba cha dhahabu ya Mjerumani

Pili, posa ya Raya imeishia kwenye damu.

Si unamjua mjomba wake, Mzee Salum wa hapa Mkuyuni. Ndiye alikaa kupokea kishika uchumba, maana kwa Waluguru bila mjomba hakuna posa. Baba mdogo wa Abuu, yule mchumba, akatoa kifundo cha kaniki. Akasema ndani mna sarafu ya dhahabu ya Mjerumani, kainunua Msamvu ikiwa imefungwa hivyohivyo.

Kifundo hakijafunguliwa, Pili. Hakijafunguliwa.

Mzee Salum akakitazama, akabadilika. "Mnaniletea shaba?" Akachukua mchi wa kinu akamtandika yule baba wa watu mdomoni. Meno yakadondokea kwenye pilau. Akaanguka, akaongezwa wa mbavu, mfupa ukalia wote tukausikia. Raya akamshika mjomba miguu, akala teke la uso.

Wanaume wakamdhibiti, mchi wakamnyang'anya. Abuu akafungua kifundo, akaikwaruza sarafu kwa kisu. Kweli, shaba tupu.

Ndipo akauliza, taratibu kabisa, "Mjomba, umejuaje kabla hatujafungua?"



Raya yupo chini, pua inavuja damu, kalikodolea macho pindo la kaniki. Uzi mwekundu. Mshono wake mwenyewe. Mwaka mzima anamshonea mjomba vitambaa kama hivyo, akiambiwa ni vya kufungia dawa.

Abuu kayafuata macho yake, kaelewa shaba ile imetoka kwa nani.

Ninavyokuandikia hapa, mchi anao yeye.