Sauti Uliyowaachia Wale Watu

Baba,

Shikamoo. Nimekuandikia tu, mkono umezoea.

Nimeolewa. Nianze na hilo, maana ndilo ulilokuwa ukiliulizia hata pale ulipokuwa huwezi tena kuuliza kwa mdomo, ukawa unaniandikia kwenye simu: "Emmanuel hajambo?" Hajambo. Tunakaa Sengerema sasa, na nikitaka kumwona Mama navuka kwa kivuko cha Kamanga. Mama yupo. Anakula kidogo. Kiti chako cha barazani amekiingiza ndani, hataki mtu akikalie.

Lakini kuna jambo jingine, Baba. Nimelizunguka wiki nzima bila kujua pa kuanzia.

Unakumbuka siku daktari alipotuambia kwamba ili uvimbe wa kooni utoke, sauti nayo itaondoka. Mama alilia palepale. Wewe uliuliza swali moja tu: "Nina muda gani wa kuongea?" Jumapili iliyofuata ulijifungia chumbani na rafiki yako Mzee Masanja, akikushikia simu ili wewe uongee tu. Mlikaa sana. Ulipotoka ukaniambia, "Koku, maneno ya sherehe ya kukuaga utakapoolewa nimeyamaliza. Usiyasikilize kabla. Siku hiyo nitaongea mwenyewe."

Nilitii. Hata baada ya mazishi yako, hata siku zile nilipotamani kukusikia ukikohoa tu, sikuyagusa.

Na uliyaweka kwa wale watu wa kampuni ya simu, kwenye programu yao ya kurekodi. Hukuwa na shaka nao hata kidogo. Tangu ununue simu yao ya kwanza ulipostaafu kufundisha, ulikuwa wakili wao pale barazani. Walipoziba tundu la waya wa masikioni ulisema wamefikiria mbali. Walipoacha kuweka chaja ndani ya boksi ulisema wanatunza mazingira. Mzee Masanja, na simu yake ya kitochi ya miaka yote, alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi: "Mwalimu, hawa watakuuzia gari bila usukani, na wewe utapiga makofi!" Nawe ulimjibu kwa sauti ile ya darasani, "Masanja, kampuni kubwa kama ile haipotezi kitu cha mtu."

Siku moja kabla ya sherehe nilipeleka simu yako ukumbini, Mirongo, ili fundi muziki aiunganishe na spika. Ilikuwa mchana, wanawake walikuwa wanafunga vitambaa kwenye viti. Rekodi ilionekana, na jina uliloipa: "Kwa Koku." Fundi akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: "Huduma hii imefungwa. Faili hili halipo tena."

Nilidhani ni mtandao. Nilitoka nje na simu nikaiinua juu kama mtu anayetafuta mawasiliano kijijini. Watu wakanitazama.

Nilikwenda kwenye duka lao pale mjini, lile la vioo. Binti aliyenipokea alikuwa mpole kweli, alinipa kiti na maji. "Dada, pole sana. Sisi hapa tunauza simu tu. Mambo ya huko ndani hatuna mkono." Nikamwuliza nani ana mkono. Akasema niandike kwenye tovuti. Halafu akaniuliza kwa upole uleule kama ningependa kuona simu mpya.

Ndipo nikafungua barua pepe zako. Walikuandikia, Baba. Walikuandikia zaidi ya mara moja. "Habari Mwalimu. Tumeamua kuifunga huduma ya kurekodi ili tuelekeze nguvu kwenye bidhaa mpya. Tafadhali hamisha rekodi zako. Usipojibu, tutachukulia kuwa huzihitaji." Wewe ulikuwa umelala Misungwi, tumeshakuwekea msalaba wa mbao, nao wanakusubiri ujibu.

Kwenye tovuti kuna mahali wateja wanatoa maoni. Nilikaa nayasoma kwenye ngazi za duka lile mpaka simu yangu ikapata moto. Mmoja aliandika kwamba kampuni haina kosa, huduma ilikuwa ya bure, nani alipie umeme wa kutunza makelele ya watu? Wengi walimpa dole gumba. Mwingine alisema hiyo ndiyo biashara, na simu yao mpya ina kamera safi sana. Mama mmoja wa Musoma alikuwa ametunza humo sauti ya mwanawe akijifunza kuongea. Mtoto ni mzima wa afya, anasema, lakini ile sauti ndogo hataisikia tena. Na kuna mtu aliandika neno moja, "Rudisheni," halafu siku nyingine akaandika tena, "Rudisheni." Chini ya kila mmoja, aliyesifu na aliyelia, kampuni imejibu maneno yaleyale: "Asante kwa maoni yako. Maoni yako ni muhimu kwetu."

Nami niliandika. Niliwaeleza yote, wewe, koo, sherehe ya kesho. Nilisema tafadhali mara nyingi mpaka nikaona aibu. Jibu lilikuja kabla sijafuta machozi. Asante kwa maoni yako.

Halafu nikashuka chini zaidi, kwenye maoni ya zamani, nikakukuta. Jina wameliondoa, wameandika "mtumiaji wa zamani," lakini nani mwingine anaweka mkato kila mahali unapostahili? "Mimi ni mwalimu mstaafu, Mwanza. Programu hii inahifadhi sauti vizuri, bila mikwaruzo. Nimeweka humu jambo lenye thamani kubwa kwangu, na sina wasiwasi nalo. Nawapa nyota tano."

Maoni yako wameyatunza, Baba. Yapo mpaka leo.

Nilimwambia Mama jioni ile. Nilitegemea atalia. Alikaa tu ameshika kikombe, akasema, "Na mimi nilikuwa nasubiri kumsikia." Basi.

Sherehe ilifanyika. Baba Mdogo alikuja kutoka Bukoba, akasimama mahali pako, akaongea vizuri. Watu walikula, walicheza. Nami nilicheza, kwa kuwa Emmanuel alikuwa ananitazama na sikutaka aone. Mshereheshaji, ambaye hakuna aliyemwambia kuwa rekodi haipo, alitangaza kwa furaha kwamba sasa tutamsikia baba mzazi. Ukumbi wote ukageukia spika. Shangazi akamkimbilia, akamnong'oneza, wakapiga muziki.

Kulipotulia nilimwendea Mzee Masanja. Nilipiga magoti nikamwambia, "Baba yangu, wewe ulikuwepo chumbani. Niambie alisema nini."

Aliniinua akanikalisha kwenye kiti. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Mwanangu, mimi nilishika simu tu. Aliongea Kihaya, mwanzo mpaka mwisho. Sikuambulia kitu. Nilisikia Koku, Koku, mara nyingi. Mahali fulani akacheka. Halafu akanyamaza, nikadhani amemaliza. Kumbe bado."

Kihaya, Baba. Wewe uliyetulea kwa Kiswahili tupu, kwa kuwa Mama ni Msukuma na hukutaka mtu apitwe na mazungumzo mezani. Mimi najua salamu na majina ya vyakula. Ulikuwa na nini cha kuniambia ambacho Kiswahili chako chote kile hakikutosha?

Usiku nikilala najaribu kukusikia. Inakuja ile pumzi tu ya mwisho, ile ya kwenye tundu la shingo walilokutoboa kwenye upasuaji. Sauti yenyewe ya Mwalimu haiji. Nadhani imeshaanza kuniponyoka, na sina pa kwenda kushtaki.

Naomba ulale, Baba. Usiwe na hasira nasi, wala nao, hawakukujua. Kabla ya mvua nitakuja Misungwi na Mama tulijengee kaburi lako vizuri. Na nimeshaongea na Baba Mdogo, atakuwa ananipigia kila Jumapili anifundishe. Nakuahidi nitajifunza Kihaya mpaka nikielewe chote, mpaka utani wake, ingawa sijui tena nitamsikiliza nani.

Mwanao,
Koku