Kengele ya Raundi ya Mwisho

Ruiru, 8 Agosti 1955

Ndugu yangu Wainaina,

Salamu nyingi katika Bwana. Je, kifua kimepona? Sisi tunaamka, asante Mungu, ila Mama hasimami tena, na macho yamezimika kabisa. Nilimsomea barua yako, kwamba bwana mkubwa wa shamba hatoi pasi ya kusafiri, lakini atakayeshinda mbio za maili tatu atapewa pasi na siku tatu za kwenda kwao. Sasa Mama anaomba ushinde. Jitahidi uje. Siku zake si nyingi.

Dada yako,
Wakonyo

Thika, 21 Agosti 1955

Dada Wakonyo,

Pokea salamu. Kifua hakijambo. Anayekuletea hii ni Boaz, tunalala chumba kimoja. Mpe chai.

Jana niliongoza mpaka raundi ya mwisho. Mzungu aliyesimamia mbio akagonga kengele. Dada, huku kiwandani kengele ikilia tunaachilia mkonge na kusimama wima, mikono juu, tangu mashine ilipomkata mwenzetu Philip mkono. Miaka saba sasa. Basi nilisimama. Mikono juu. Watu walicheka, wengine wakapiga kelele, "Kimbia wewe! Hiyo ni ya kumaliza!" Boaz alikuwa amenipita. Nilimkosa kwa hatua mbili.

Alimwomba bwana mkubwa nije mimi, akakataliwa. Siku tatu haziwezi kumfikisha kwao Nyanza na kumrudisha, kwa hivyo anakuja huko. Mwambie Mama ukweli, polepole.

Ndugu yako,
Wainaina

Ruiru, 27 Agosti 1955

Ndugu yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Kaa chini kwanza. Mama alitutoka Jumatano asubuhi, tukamzika Alhamisi.

Boaz alifika Jumatatu na sukari. Mama akasikia viatu vya mwanamume, akanyoosha mkono. "Wainaina?"

Boaz akaniangalia. Barua yako nilikuwa nayo mkononi, sijaifungua. Nikanyamaza. Akapiga magoti, akasema "Maitu", vile unavyomwita wewe. Kikuyu chake cha huko kambini kwenu kinatosha.

"Ulishinda?"

"Nilishinda, maitu."

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Sauti imekuwa nzito," akaniambia. "Ni hicho kifua chake."

Boaz hakusema uongo, alishinda kweli. Mwongo ni mimi. Kesho nataka kusimama kanisani niungame, lakini kila nikipanga maneno, namsikia Mama akicheka.

Dada yako,
Wakonyo