Kifuniko Nilichokikalia

Melini, nje ya bandari ya Busan
Alhamisi asubuhi

Kwako Ninang Perla, mama yangu wa ubatizo,

Pokea salamu zangu za heshima. Ningekuwa karibu ningeushika mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu kama ulivyonizoesha tangu utoto. Kwa leo uhesabu nimefanya hivyo. Natumaini kifua chako kimeacha kukusumbua na binti yako Inday Marijo anaendelea vizuri na shule. Mimi ni mzima wa mwili, ila jicho la kushoto limevimba na jino moja linacheza, na sababu yake utaisoma humu. Habari za nyumbani siziulizi, kwa kuwa najua nyumba imejaa watu na rozari ya marehemu inasaliwa kila jioni.

Ofisi ya Manila imeshakupigia simu kwamba shemeji yako, Manong Rodel, amefia melini. Nasikia walikwambia pia kwamba mtoto wako wa ubatizo alitumia akili ya chuoni na kuokoa maisha ya mumeo. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Nataka ulisikie kwangu mimi, lote, kisha uniite utakavyo.

Unajua nilivyohangaika nilipomaliza masomo ya darasani pale Iloilo. Nilibakiza mwaka wa kukaa baharini ili nipate shahada ya unahodha, na hakuna meli iliyonitaka. Nilikuwa nafagia ofisi za Manila na kuwanunulia makarani chakula bila kulipwa, nikingoja mtu anitaje jina. Mumeo, Ninong, baba yangu wa ubatizo, ndiye aliyenitaja. Aliwaambia kwamba yeye ni serahangi wa miaka mingi, mabaharia wote wa sitahani wako chini yake, na kwamba kama kijana huyu hatafaa, wamkate yeye mshahara. Ndivyo nilivyopata nafasi ya kadeti kwenye meli hii, chini yake yeye na mdogo wake.

Manong Rodel alinipokea kwa utani siku ya kwanza, akanipa jina la Nahodha wa Ubaoni. Nikishika ufagio alikuwa akiniuliza ule ufagio unaelekea digrii ngapi, na kama kwa hesabu zangu tutafika kwenye ndoo kabla ya Krismasi. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kusimama mbali na kamba iliyokazwa, na nilipotapika wiki nzima ya mwanzo ndiye aliyeniletea uji wa tangawizi na kunisimamia mpaka niumalize. Nilimpenda, Ninang. Sijui kama nilipata kumwonyesha.

Safari hii tumebeba magogo mabichi kutoka New Zealand. Chuoni tulifundishwa kwamba magogo yakifungiwa kwa siku nyingi yanaila oksijeni yote, na mtu akishuka mle anaanguka bila kuona wala kunusa kitu. Kwenye mtihani tuliulizwa: mwenzako ameanguka ndani, utafanya nini? Nilijibu kwamba nitapiga kengele ya hatari, sitaingia, na sitamruhusu mtu aingie mpaka mtungi wa hewa uletwe. Nilipata alama zote.

Kila shimo la mizigo lina tundu la kuingilia, upana wa mtu mmoja, lenye kifuniko kizito cha chuma na ngazi ya kushukia. Jumamosi, karibu na chakula cha mchana, Manong Rodel alikumbuka minyororo iliyosahauliwa chini ya ngazi ya shimo la tatu. Mpishi alikuwa ametengeneza ile supu chachu ya samaki aliyokuwa akiipenda, kwa hiyo alikuwa na haraka. Mimi nilikuwa napita na kopo la rangi. Nilimwambia hewa haijapimwa. Alicheka akasema, "Toto, hiyo hewa naijua tangu hujaacha nepi," akashuka.

Nilisikia chuma kikianguka. Nilipochungulia nilimwona amekaa chini ya ngazi kama mtu anayepumzika, kichwa kimeegemea gogo, halafu akalala ubavu taratibu. Nilipiga redio ya mkononi nikaita. Hilo nililifanya sawasawa.

Ninong alifika wa kwanza, mbio, hana kofia. Aliona mara moja. Alishavua glavu na alikuwa anatafuta ngazi kwa mguu wakati nilipomvuta kwa mkanda nikamwangusha. Kabla hajainuka niliangusha kifuniko nikakikalia, nikakumbatia vyuma vyake kwa mikono yote miwili. Alinipiga, Ninang, na sijawahi kupigwa hivyo na mtu yeyote. Alisema, "Ondoka, Jomel. Hayo ya ubaoni kawaambie walimu wako. Yule ni ndugu yangu." Mimi nililia tu na kusema hapana, Ninong, hapana, Ninong, mpaka ofisa wa pili alipokuja na mtungi wa hewa mgongoni na watu wakamshika mumeo.

Walimtoa Manong Rodel. Nahodha mwenyewe alimkandamiza kifua mpaka jasho likamchuruzika puani, huku daktari akielekeza kwenye redio, lakini moyo haukurudi. Daktari alisema yeyote ambaye angeshuka bila mtungi angelala juu yake. Nahodha ameandika kwamba kadeti alifuata mafunzo. Ofisi imeleta barua ya pongezi, na nikimaliza chuo wananiahidi nafasi ya ofisa wa tatu.

Sasa sikiliza nisichomwambia nahodha. Tulifundishwa kumzuia mtu asiingie. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kufunga kifuniko. Tundu linaachwa wazi ili hata hewa kidogo imfikie aliye chini, na mimi nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nilifunga kwa sababu sikuweza kuendelea kumtazama Manong Rodel. Na nilifunga kwa sababu niliona kwamba Ninong akishuka na yeye akalala, atakayebaki juu ni mimi, na kila mtu atanitazama mimi. Nilikuwa namwokoa Jomel. Mumeo aliokoka kwa sababu alikuwa nje ya kifuniko wakati mimi naogopa.

Ninong aliliona hilo. Walipokuwa wamemshika aliniambia kwa sauti ya chini, "Umemfungia mdogo wangu gizani." Tangu siku hiyo hajaniambia neno jingine, na hajapokea kitu chochote kutoka mkononi mwangu. Nikimpa sahani ya wali, anaiacha mezani na kwenda kujipakulia mwenyewe. Nikimpa kamba, anangoja baharia mwingine aishike kwanza. Hafanyi kwa hasira. Anafanya kama mtu aliyesahau kwamba nipo, na hilo linaniuma kuliko jicho. Yeye ndiye aliyenishika kwenye maji ya ubatizo, na mimi baba mwingine sina.

Msalimie mama, mwambie nakula vizuri na asiamini mambo ya magazetini. Mwambie Inday Marijo kwamba ile dira yangu ya shuleni aichukue, iko chini ya kitanda. Mbele ya picha ya Manong Rodel uniwashie mshumaa, lakini usitaje pongezi.

Kesho Ninong anashuka na jeneza warudi nyumbani pamoja, na mimi nabaki na meli. Sitaituma barua hii kwa njia nyingine yoyote. Nitasimama penye ngazi ya kushukia nikiwa nimeishika mkononi, bila kuifunga bahasha, ili aisome akitaka. Akiupita mkono wangu, nitaichana, na wewe utabaki na ile habari nzuri ya ofisini. Lakini kama unaisoma sasa, Ninang, basi aliipokea. Usimuulize kitu. Mpakulie wali, akae, ale.

Mwanao wa ubatizo,
Jomel