Sababu ya Kuondoka Kazini

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujauliza hali yangu, jua kwamba bila mimi mji huu ungefungwa saa nne asubuhi, watu wakarudi kulala. Juzi nimeshusha marobota sabini peke yangu. Msimamizi wa ghala akaniuliza mgongo huu nimezaliwa nao au nimeukodi.

Ndiyo, ni vitambaa vya nje, vile vile vilivyofunga kiwanda chenu. Usinune. Kila robota nalibwaga chini kwa hasira, kwa niaba yako.

Sasa sikia. Serikali imefungua ofisi hapa ya kuwasaidia wafumaji waliokosa kazi kwa sababu ya vitambaa hivyo. Wanafundisha kazi mpya, na wanatoa kadi ya matibabu. Kifua chako kitatibiwa, mama! Fomu hiyo hapo. Weka sahihi uirudishe, mengine niachie mimi, niliyeishia darasa la sita kwa kuwa mwalimu aliishiwa vya kunifundisha.

Mwanao,
Jemadari wa Marobota

15 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Huku tunaendelea, ila kifua bado. Nikicheka nakohoa, kwa hiyo barua yako nimeisoma kwa vituo vitatu.

Sahihi nimeweka pale chini. Sehemu nyingine sijagusa, macho yangu yalizoea nyuzi, si maandishi madogo. Palipoandikwa "sababu ya kuondoka kazini", andika neno moja tu: nilipunguzwa. Usiongeze chumvi, nakujua.

Mashine wanazing'oa. Miaka ishirini na miwili tulisemezana kwa midomo na vidole kwa ajili ya kelele. Sasa kiwanda kiko kimya, na bado tukikutana njiani tunasemezana vile vile, kama mabubu. Yule mwenzangu wa mashine ya tisa, aliyekuwa akikubeba mgongoni, haondoki kitandani. Ni vumbi la pamba lile lile.

Mama yako

24 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole na kifua. Fomu imefika mikononi mwa bingwa. Nimemaliza kalamu mbili, ya kwanza ilikauka kwa sifa zako. Ati neno moja! Kinachopunguzwa ni nywele, mama, si fundi aliyekuwa akiendesha mashine sita huku wenzake wakihangaika na nne. Nimewaandikia kitu ambacho karani akikisoma lazima aduwae.

Na kweli aliduwaa. Alisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Kijana, una hakika na haya?"

Nikamjibu, "Mzee, mama yangu utamjua wewe kuliko mimi?"

Akagonga muhuri. Anza kujifunza kupumua vizuri.

Mwanao,
Jemadari wa Marobota, sasa pia Mwandishi Mkuu

2 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Jirani wa mlango wa pili kadi yake imefika, ameshaanza dawa, na jana kapanda ngazi bila kupumzika. Wote niliokuwa nao chumba kimoja kiwandani wamepata. Mimi bado.

Wa mashine ya tisa tumemzika Jumamosi. Kaburini hatukutoa sauti, tuliagana naye kwa vidole.

Neno lile uliliandika?

Mama yako

11 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Majibu yako njiani, makarani wa hapa ni konokono waliopewa likizo. Wewe kula, lala, usiwaze sana.

Mwanao,
Jemadari

20 Juni

Mwanangu,

Anayeandika ni jirani wa mlango wa pili. Mkono wangu hautulii, na sauti imekwisha, pumzi haiisukumi. Natikisa midomo na vidole, yeye anaandika. Nani angejua kelele zile zingetufaa siku moja.

Huku usiku na mchana nakaa kitako, nikilala chali nazama.

Niliuliza kitu, hukujibu. Neno lile, uliliandika?

Mama yako

28 Juni

Mama,

Shikamoo. Leo sikwenda ghalani.

Jibu la ofisi lilifika siku mbili kabla sijakuandikia habari za konokono. Tangu hapo nalilalia chini ya godoro. Wamekataa. Walitoa siku thelathini za kukata rufaa, na walichotaka ni sahihi yako tu. Nilikuwa natafuta namna ya kurekebisha mambo bila wewe kujua. Nilimfuata karani mara tano, nikampigia magoti, mimi huyu. Siku zikaisha.

Msaada ni wa waliopunguzwa peke yao. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hana haki. Karani alinionyesha fomu, mwandiko ni wangu, mkubwa, umevuka mistari: "Mama yangu hakufukuzwa na hajazaliwa wa kumfukuza. Aliondoka mwenyewe, kwa kupenda kwake."

Jirani, haya usimsomee kwa sauti. Mwambie kwa midomo, taratibu, umshike mkono.

Neno lile sikuliandika, mama.

Mwanao