Masikio ya Popo na Yangu

Jumanne, 12 Agosti 1997

Popo kanishinda masikio. Hapa nakubali, ingawa mbele ya watu nimekataa.

Kabula, binti wa dada yangu anayesomea wanyama chuo kikuu, alikuja kunasa popo kwenye duara letu la zamani, shimo la mgodi tuliloacha kuchimba. Anasema maagizo ya urithi ya kutengeneza sikio tunayo sote, watu na popo, ila walimu wake wanadhani katika sikio la popo mengine huamshwa kwa nguvu zaidi.

"Yangu yaliamshwa zamani," nikajigamba. "Nasikia mwamba ukiwaza kuanguka!" Wachimbaji wakacheka.

Tulipobaki wawili nikamuuliza kama ya mtu aliyeharibiwa masikio na baruti yanaweza kuamshwa tena.

"Bado hawajaweza, Mjomba. Kwani ni nani?"

"Rafiki."

Leo asubuhi, kama kila siku, nilitangulia chini kugonga mwamba wa juu kwa mtarimbo, nisikilize kama una mwanya. Sikusikia kitu, hata mlio wa mtarimbo wenyewe. Nikapaza sauti, "Shukeni, ni mzima!" Wakashuka watu sita. Wamepanda wote salama, lakini ingekuwa...

Kesho mtarimbo nampa Masanja, mchimbaji mwenzangu mwenye masikio mazima. Nitasema bega linaniuma.