Ukuta wa Chumba cha Uyoga

Kwako Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu. Natumai goti limepata nafuu na shemeji hajambo. Sisi wazima wa mwili, ila moyo wangu haujatulia.

Uyoga unakufa, Dada, na unajua ndio unaotulisha. Unakauka ungali mdogo, na mwenye hoteli ameanza kununua kwingine. Chumba kile kinataka ubaridi, unyevu na mlango uliofungwa. Nikajiuliza, nani anaufungua?

Nikamshuku wifi. Kila mchana alitoweka, akarudi upindo wa gauni umelowa, na nikimuuliza anasema ni joto tu. Joto gani linalolowesha gauni? Nikanyunyiza unga mlangoni ninase nyayo zake, nikanasa za kuku. Hata hivyo nilimwambia mume wangu kikulacho ki nguoni mwako, achague uyoga au dada yake. Aliinamisha kichwa. Wifi alitusikia, akafunga begi lake akaliweka mlangoni.

Jana nilimnyemelea. Nikamkuta nyuma ya chumba, anaumwagia ukuta maji kwa kopo. Niligusa palipokuwa pakavu nikautoa mkono mbio, ukuta umekuwa kikaango! Akaniambia kwa ukali kwamba ule mmea uliotambaa pale ndio uliokuwa ukikipoza chumba. Majani yalikinga jua, na unyevu uliotoka kwenye matundu ya ukuta ukaustawisha mmea hata wakati wa kiangazi. Vilikuwa vinatunzana. Sasa hakuna ubaridi kwa kuwa hakuna mmea, na kila mche anaopanda unaungua kwa kuwa hakuna ubaridi. Nilimuuliza mbona hakusema. Akajibu kuwa nilikwisha kumhukumu, angemwambia nani?

Sasa Dada, usikasirike. Mmea ule niliung'oa mimi, siku chache kabla hujaja kututembelea, kwa sababu ulizoea kusema nyumba yetu ni pori la nyoka. Nikapaka ukuta chokaa ili unisifu. Na kweli ulinisifu.

Leo asubuhi tumepanda mche mwingine, wifi na mimi, tukautundikia gunia la kivuli. Nimemwomba radhi. Amesema atanijibu mche ukishika. Begi lake bado liko mlangoni, nami kila nikipita nalitazama kuona kama limefunguliwa.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Ukija tena utakuta pori, na tafadhali ulisifu, wifi akisikia.

Ndimi mdogo wako,
Mpelelezi, kama ulivyoniita tangu utotoni