Ukanda wa Juu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeitoa simu yangu ya zamani kabatini, nimeipeleka ofisini. Dinakar, bosi wetu, anataka Jicho lijaribiwe kwenye simu dhaifu. Hii ni dhaifu haswa — kioo kimepasuka, betri haifiki mchana.

Jicho ni jina tuliloipa kazi yetu. Linapiga picha ya skrini na kumpelekea wakala wa akili mnemba, maana yeye hana macho. Anatazama picha, anaamua abonyeze wapi, anabonyeza. Mimi kutwa natazama anachotazama yeye. Ukimwondoa muuza kahawa wa pale chini, leo sijatazamana na mtu.

Laini ya zamani imo bado. Namba mpya wanayo watu wa kazini na benki. Basi.

Jumanne, 10 Juni

Jaribio la leo: wakala afungue ujumbe wowote ambao haujasomwa, kisha abaki hapohapo asubiri. Sikufikiri. Kwenye simu ile ujumbe usiosomwa ni mmoja tu. Wa Appa, baba yangu, wa mwaka jana.

Nilipoachana na mume wangu nilimpigia baba huko Sirsi, nikamwambia nakuja nyumbani. Akanijibu: "Chumba chako nimeweka magunia ya popoo." Hakusema njoo, hakusema usije. Nikakata simu. Wiki ileile akatuma picha, bila neno. Sikuifungua. Niliamini ni magunia — ushahidi. Nikanunua laini mpya.

Wakala kaifungua kabla sijapepesa jicho. Nimesoma maelezo yake kabla ya kuona picha yenyewe: "Chumba kitupu. Kitanda kimoja, dirisha wazi. Hakuna maandishi. Hakuna cha kubonyeza."

Nimekwenda chooni nikalia. Nikarudi, nikaweka alama ya vema, simu nikaiacha kwenye chaji, wakala akiendelea kusubiri. Jaribio limefaulu.

Jumatano, 11 Juni

Sijamwandikia. Niandike nini baada ya mwaka mzima? Kwamba mashine ndiyo iliyonifungulia? Zile tiki zake zimeshageuka bluu. Atajua imesomwa, atajua nimenyamaza. Na huenda magunia yamesharudi.

Wali wa mtindi, nimekula nimesimama jikoni. Kumpikia mtu mmoja ni kazi ya kipumbavu. Nina upweke. Haya, nimeuandika.

Alhamisi, 12 Juni

Vituko. Wiki iliyopita Dinakar aliamuru tukate ukanda wa juu wa kila picha — "pale kuna saa na betri tu, tunabeba mzigo wa nini?" Nikakata. Kumbe nimekata mno, na jina la mtu unayeandikiana naye limeondoka nao. Leo wakala, kwenye simu ya Nafeesa wa meza ya pili, alitakiwa amwandikie mumewe. Kamwandikia mama mkwe: "Mpenzi, leo usichelewe."

Mama mkwe akapiga palepale. Sauti ilisikika hadi kwangu: "Wewe Nafeesa, una homa?"

"Dada Vanaja," Nafeesa akaniambia, "hilo Jicho lako litanivunjia nyumba."

Ofisi nzima ilicheka, na mimi nikacheka. Halafu nikafikiri: kwenye simu yangu asingeweza kukosea. Ya kwangu haina mtu wa pili.

Ukanda nimeurudisha.

Ijumaa, 13 Juni

Dinakar asubuhi, kabla sijaweka mkoba: "Vanaja, simu yako imetema mapicha tangu jana jioni, yote ya ukurasa uleule. Jicho halipaswi kupiga kama hakuna kilichobadilika. Itafute hitilafu."

Nimezipanga. Chumba kitupu, chumba kitupu, chumba kitupu. Zilifanana kabisa — mpaka nilipotazama juu. Chini ya jina la Appa: mtandaoni. Picha inayofuata: anaandika. Inayofuata: mtandaoni. Kisha anaandika tena. Ujumbe wenyewe haukuja.

Si hitilafu. Ni baba yangu. Akishawasha taa ya maombi anakaa na simu, tambuu shavuni, anaandika kwa kidole kimoja, anafuta. Na huko kwake anaona mimi nipo. Binti yake amekaa kwenye ukurasa wake tangu Jumanne, hatoki wala hasemi. Hajui kuwa ni wakala anayesubiri. Jumanne aliandika? Jumatano? Sitajua. Ukanda ulikuwa umekatwa.

"Umeipata?" Dinakar akauliza.

Nikasema bado.

"Basi kata tena ukanda, uache jina tu."

"Niachie mpaka Jumatatu."

Akanitazama. "Kuna nini?"

"Hakuna." Nimeondoka na simu mkobani.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua. Jioni nimefungua ukurasa mwenyewe, kwa kidole changu. Alikuwepo. Nikaandika "Appa". Papo hapo juu pakatokea: anaandika. Nikaacha, nimpishe. Naye akaacha. Nikaanza. Akaanza. Tukaacha.

Nyumbani kwetu watu wawili wakianza kusema pamoja, Appa husema "sema wewe", nawe unamjibu "sema wewe", na mwisho hasemi mtu. Mama ndiye aliyekuwa akituamua. Mama hayupo.

Chai imepoa. Hakuna kilichotumwa, si chake si changu. Nimemkasirikia, kisha nikajikasirikia, kisha nikalala.

Jumapili, 15 Juni

Nimefunga begi. Sijakata tiketi, nimefunga tu. Basi la Sirsi huondoka jioni. Hata nikikuta magunia nitalala juu yake, ila nisikae mlangoni nikiambiwa tena habari za popoo. Hilo siliwezi. Lazima nijue kabla.

Begi nimeliweka katikati ya sakafu, nikalipiga picha. Kabla ya kuituma nimemwonyesha wakala. Ujinga, lakini hakuna mwingine wa kumwonyesha. Akajibu: "Begi moja, limefungwa. Hakuna maandishi. Hakuna cha kubonyeza."

Nimeituma kwa Appa. Bila neno, kama yeye.

Tiki mbili, za kijivu. Nimefagia chumba. Nimefagia tena.

Bluu.

Mtandaoni. Nimekaa juu ya begi, naandikia gotini. Anaandika. Kaacha — na mimi sijagusa kitu, Appa, sema wewe. Anaandika tena. Naweka kalamu chini. Mikono nitaikalia.